Tai Aliye Kofiani



Wapendwa waamini, mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, hutufikisha katika nyumba nyingi. Katika nyumba moja hapa Dutwa tulionyeshwa picha iliyofifia ya kijana aliyevaa sare. Bibi mwenye nyumba alitaka iwekwe mezani wakati wa sala. Ni baba yake. Wajukuu waliamini alikuwa askari wa Keya aliyepigana dhidi ya Hitla.

Tuliipeleka picha mlangoni penye mwanga. Askari wa Keya wa miaka ya 1939 hadi 1945 walijulikana kwa kaptula na kofia ya ukingo mpana. Huyu alivaa suruali, na vitambaa vimeviringishwa kuanzia vifundo hadi chini ya magoti. Kofia yake ilikuwa na kitambaa cha kukinga kisogo dhidi ya jua, na mbele yake tai amekunjua mabawa. Yule ni tai wa Kaisari. Mzee wetu alikuwa askari wa Mdachi, katika vita vya 1914 hadi 1918.

Tulijaribiwa kunyamaza, lakini tukasema. Mjukuu mmoja akasimama kwa hasira: "Baba Paroko, jeshi hili ndilo lililowaua watu wetu katika Maji Maji. Tumwombee huyu?"

Hatukuweza kumkanusha. Katika vita vile vya 1905 hadi 1907 jeshi hilo lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wengi wa askari wake walikuwa Waafrika, na Wasukuma na Wanyamwezi walikuwamo. Sare haitakasi, wala haisemi kilichokuwa moyoni mwa aliyeivaa.

Tukakumbuka kisa kinachosimuliwa kuhusu Mwanza. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa hai bado. Wazee wapatao 350 walikusanyika, wachache wakiwa na vyeti, wengine wakiwa na vipande vya sare chakavu. Mlipaji, akikosa njia ya kuwatambua, aliwapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamrisha kwa Kijerumani jinsi ya kushika bunduki. Hakuna aliyeshindwa. Nguo ilikuwa imeoza, lakini amri zilikuwa bado mikononi mwao baada ya miaka karibu 50.

Basi tulimwambia kijana yule kwamba hatumwombei mtu kwa kuwa hana hatia. Asiye na hatia angehitaji nini sala zetu? Tena tukawakumbusha wote juu ya wapagazi wa pande zote mbili, makumi ya maelfu, waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu chini ya mizigo. Wao hawakupewa sare wala kupigwa picha. Hakuna tai wa kuwatambulisha.

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akaiweka picha mezani mwenyewe, na kando yake akawasha mishumaa miwili. "Mmoja wa baba," alisema, "na mmoja wa wale aliowakuta njiani." Mjukuu alikuwa angali amesimama. Sala ilipoanza, alipiga magoti.

Wapendwa, tunapofungua masanduku ya wazee wetu, tusiogope kuutazama ukweli wa picha zao. Mungu anawatambua bila sare.