B92: Ukoma Katika Wakati Uliopita

Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ile ya toleo la 10 iliyopitishwa mwaka 1990, ukoma una namba yake: A30. Ukisogea mbele kurasa kadhaa utaikuta nyingine, B92, ambayo wengi huipita bila kuiona. Hiyo si ya ukoma. Ni ya kile ukoma ulichokiacha baada ya kuondoka. Jirani zake ni B90 ya kifua kikuu na B91 ya polio. Trakoma nayo imewekwa ndani ya B94. Kazi yangu ni kuandika namba hizi kutwa nzima, Dar es Salaam, na hakuna ninayoipenda kama B92.

Shangazi yangu wa Bungu ni B92. Alimeza dawa mseto mwaka mzima, miaka ya tisini, na kidonge kimojawapo kikamtia weusi usoni hadi watu wakasema huyu anajichubua kinyumenyume. Akamaliza dozi. Vimelea vikafa, ila vilikuwa vimeshaharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Sasa anapika vitumbua kando ya barabara ya Kilwa. Mafuta yakimrukia hajui mpaka aone lengelenge. Vidole vyake havikudondoka kama watoto wanavyosimuliana. Vimefupika kidogo kidogo, kwa kuungua na kujikata bila kusikia maumivu, vidonda vikaingia hadi mfupani. Mguu wa kushoto una kidonda kinachofunga na kufunguka.

Mwaka juzi alikipeleka kidonda hicho kwenye kituo kimoja cha afya, si lazima nikitaje. Mhudumu akaangalia vidole, akaandika kwenye daftari la MTUHA neno moja tu: ukoma. Akaliandika na kwenye kadi. Mwenzake akaisoma kadi kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Bungu si mji mkubwa, jamani. Wiki ile vitumbua vikalala. Binti yake alikuwa ameshachumbiwa, na upande wa bwana ukatuma mtu kuuliza eti ni kweli umerudi?

Haukurudi! Kanuni ya orodha iko wazi: unaandika kwanza kilichomleta mgonjwa, yaani kidonda, kisha B92 kueleza kilikotokea. A30 ni ya ugonjwa ambao bado upo. Yule mhudumu simlaumu sana. Nafasi ya kuandikia ni finyu, wagonjwa wamejaa, na huenda hakuna aliyemfundisha. Nawalaumu zaidi sisi tunaoipenda lugha hii. Tuna -li-, tuna -me-, tuna na -kwisha, tunajisifu kwa utajiri wa nyakati, lakini "mkoma" halina wakati. Aliyeugua malaria mwaka 1994 hakuna anayemwita mwenye malaria leo. Mkoma hupona na bado akazikwa mkoma.

Upande wa Utete kuna Kindwitwi, kijiji kilichokuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma, ambako padri Mwingereza Robin Lamburn aliishi nao hadi uzeeni. Nikipasikia pakitajwa nawaza wazee waliopona zamani, ambao bado wanatajwa kwa ugonjwa usiokuwemo mwilini mwao.

Shangazi alinipigia simu. "Mwanangu, si wewe unayejua kuandika magonjwa ya watu? Basi niandikie na langu."

Nikamwambia aje kwanza apimwe. Akaja na basi la alfajiri. Daktari alimpima, akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama tulivyomwomba: kidonda sugu cha mguu, athari zilizobaki za ukoma uliokwisha kupona, haambukizi. Akasaini, akagonga muhuri. Mimi nikaongeza B92 pembeni kwa kalamu yangu.

Karatasi hiyo shangazi ameitia nailoni ngumu na kuitundika kwenye banda lake, juu ya chuma cha vitumbua. Wateja wanaisoma wakisubiri chenji. Upande wa bwana wameomba nakala. Wamepewa, na hadi leo hawajajibu.