Liwa, Manjano na Kivuli: Tuliyojifunza Unguja

Siku hiyo ya Ijumaa tulifunga safari, akina mama kumi na mmoja wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam, kwenda Unguja kuwatembelea akina mama wenzetu wa kanisa. Boti iling'oa nanga saa moja asubuhi. Bahari ilikuwa shwari, nasi wengi tukapanda juu kupunga upepo na kula maandazi tuliyofunga nyumbani. Mwenzetu mmoja tu alibaki chini, amempakata mwanawe wa miezi mitano, na khanga imemfunika uso hadi chini ya macho. Tulidhani anaogopa kutapika.

Tulipomshukia na chupa ya chai ndipo alipotueleza. Hakuwa anaogopa bahari. Alikuwa anaogopa jua, na zaidi ya jua, macho ya watu.

Alipokuwa na mimba ya huyo mtoto wake wa tatu, madoa meusi yalimtokea kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo. Aliambiwa yataondoka akijifungua, lakini hayakuondoka. Akaanza kupaka krimu aliyouziwa na mchuuzi mtaani, katika kopo dogo lisilo na jina la mtengenezaji. Mwezi wa kwanza uso uling'aa na watu wakamsifu. Mwezi wa pili ukaanza kumwasha. Alipojaribu kuacha, madoa yalirudi meusi kuliko mwanzo, naye akarudia kopo. Siku hiyo mkobani alikuwa na kopo la tatu.

"Nimesikia Zanzibar wana dawa ya asili," alisema. "Siku saba tu, uso unakuwa kama wa mtoto."

Tulinyamaza. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusimama mbele ya kioo akitamani jambo kama hilo?

Mji wa harufu njema

Mchana huo wenyeji wetu walitupeleka soko la Darajani. Anayelijua soko hilo hahitaji kuelezwa harufu yake: karafuu, iliki, mdalasini na samaki, vyote kwa pamoja. Wauzaji walitandaza manjano ya unga, vipande vya liwa, marashi ya mawaridi na pakiti za mchanganyiko wa kusugulia mwili. Kila mmoja alikuwa na maneno yake: hii inang'arisha, hii inaondoa chunusi, hii inafuta madoa yote. Mwenzetu alinunua pakiti nne.

Kesho yake tulikwenda Kizimbani kuona mashamba ya viungo. Kijana mmoja alichimbua manjano mbele yetu. Ukiyaona na udongo wake utadhani ni tangawizi, lakini akiyakata ndani ni rangi ya chungwa iliyoiva. Tuliyagusa, na vidole vyetu vikabaki vya njano hadi Jumapili. Tukarudi kwa njia ya Kidichi, kwenye hamamu aliyoijenga Sultani Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Ndani mna ubaridi na giza, na juu ya kuta bado kuna nakshi za maua na ndege. Tuliposimama humo tukitoka kwenye jua la saa saba, kila mmoja alishusha pumzi. Hatukujua kuwa tulikuwa tumesimama ndani ya nusu ya dawa tuliyokuwa tukiitafuta.

Bibi wa jiwe la msio

Jioni wenyeji walitufikisha kwa bibi mmoja wa Mji Mkongwe ambaye kwa miaka mingi aliwatunza maarusi.

"Shikamoo bibi," tuliamkia.

"Marahaba wanangu. Kaeni kitako, kaeni kitako."

Alileta jiwe lake la msio, akamimina marashi ya mawaridi kidogo, akaanza kusugua kipande cha liwa kwa kukizungusha. Polepole ukatokea uji mzito wa rangi ya kahawia, na chumba kizima kikanukia. Akampaka mwenzetu mkononi. Mwenzetu akamwuliza lile lililokuwa moyoni: je, liwa na manjano vitamwondolea madoa kwa siku saba?

Bibi alicheka, lakini kwa huruma. "Sikiliza mwanangu. Liwa haimgeuzi mtu rangi. Zamani mwari akiwekwa ndani. Haoni jua, hapiki, hatwangi. Jioni tunampaka liwa, asubuhi anakoga. Siku ya harusi watu wasema, ametakata! Sasa weye wapaka leo, kisha kesho wenda juani. Liwa ifanye nini?"

Sisi ambao kazi yetu ni uuguzi tulitazamana. Bibi huyu hakusoma kitabu cha ngozi, lakini alikuwa amelijibu swali ambalo tunalieleza kila siku kliniki kwa maneno marefu. Uzuri wa mwari haukutoka kwenye jiwe la msio peke yake. Kazi kubwa ilifanywa na ukuta na pazia.

Kinachotendeka ndani ya ngozi

Usiku ule, tukiwa tumelaza watoto, akina mama walituomba tueleze vizuri. Nasi tukaeleza hivi.

Rangi ya ngozi yetu inaitwa melanini. Hutengenezwa na chembe maalumu zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi, na kazi yake ni kutukinga na jua. Ni mwavuli tuliopewa. Chembe hizo zikichokozwa, hutengeneza melanini nyingi mahali pamoja, na hapo doa hutokea. Wachokozi wakubwa ni watatu. Wa kwanza ni jua. Wa pili ni homoni, kama wakati wa mimba au kwa baadhi ya wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Wa tatu ni jeraha la ngozi: chunusi iliyobinywa, kuungua, upele uliokunwa, au dawa kali iliyopakwa. Ngozi nyeusi hukumbuka kila jeraha kwa kuacha alama.

Ili melanini itengenezwe, chembe hutumia kimeng'enya kiitwacho tirosinesi, ambacho hakifanyi kazi bila madini ya shaba. Vitu vingi vya asili vinavyosifiwa kwa madoa hukizuia kimeng'enya hiki. Mwaka 1907 huko Japani, mtaalamu mmoja alipata asidi ya koji kutoka kwenye ukungu unaooteshwa juu ya wali wa mvuke. Baadaye ilijulikana kwamba asidi hiyo hukamata shaba, na kimeng'enya hulegea. Abutini, inayopatikana katika majani ya mimea fulani ya nchi za baridi, na mzizi mtamu wa likorisi navyo hukizuia. Vitamini C hupunguza kazi hiyo pia. Vitamini B3 ina njia yake: haizuii rangi kutengenezwa, bali hupunguza kupelekwa kwake kwenye chembe za juu za ngozi.

Na manjano, je? Na liwa? Katika maabara, vyote viwili vimeonekana kupunguza utengenezaji wa melanini, na manjano hutuliza mwasho. Lakini maabara si shavu. Dawa ya manjano hupenya ngozi kwa shida, na mwanga huiharibu upesi. Kwa hiyo manjano uliyopaka ni msaidizi mdogo. Usimdai kazi ya bwana mkubwa.

Tena hakuna kimojawapo kinachofuta rangi iliyokwisha kutoka. Vinachofanya ni kupunguza rangi mpya, huku ngozi ya zamani ikijibandua yenyewe. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na kadiri umri unavyosonga huchukua zaidi. Ndiyo maana doa la juu juu huhitaji miezi mitatu hadi sita, na mara nyingine mwaka. Doa lililozama ndani, lenye rangi ya kijivu au ya bluu kidogo, huchukua miaka. Na kila siku unayokaa juani bila kinga, kiwanda kinafunguliwa upya. Anayeahidi siku saba ama hajui, ama anauza kitu kingine.

Ndimu, papai na kopo lile

Mama mmoja akasema, "Lakini mimi napaka ndimu, na ni tunda la Mungu." Ni kweli ni tunda jema, lakini mahali pake ni kwenye mchuzi. Maji ya ndimu yakiwa kwenye ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua, huweza kuunguza hadi malengelenge, na alama yake huwa nyeusi kwa miezi. Utomvu wa papai bichi humenya ngozi ya juu, na ukizidi hujeruhi. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza. Kitu kuwa cha asili hakumaanishi kwamba ni kipole. Hata upupu ni wa asili.

Ndipo tulipomwomba mwenzetu atuonyeshe lile kopo. Ndani ya boksi lake kulikuwa na kijikaratasi cha Kiingereza chenye maandishi madogo. Tuliyasoma kwa mwanga wa simu. Yaliagiza mtumiaji asiiache krimu iguse vito vya dhahabu wala vya fedha.

Tuliishiwa nguvu. Onyo la namna hiyo ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki hula dhahabu na fedha. Zebaki huzuia rangi, ndiyo, lakini hupita kwenye ngozi ikaingia mwilini, ikaumiza figo na mishipa ya fahamu. Humfikia mtoto tumboni na katika maziwa ya mama. Na mikono iliyopaka krimu ndiyo inayomshika mtoto. Tulimtazama yule mchanga amelala kifuani pa mamaye, shavu lake limegusa shingo iliyopakwa asubuhi.

Zebaki si hatari pekee. Haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu huleta weusi wa ajabu usioondoka. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika habari za wanawake walioharibiwa hivyo na krimu za kujichubua. Dawa kali za jamii ya steroidi hukondesha ngozi, na kidonda hukawia kupona. Nchini kwetu vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku, lakini mchuuzi wa mtaani habandiki marufuku kwenye kopo.

Mwenzetu alilia. Hakuna aliyemsimanga, maana tulijua si tamaa iliyomfikisha pale. Kuna shemeji aliyemwuliza mbele ya watu, "Siku hizi uso umekuwaje?" Neno dogo kama hilo linaweza kumpeleka mama mbali.

Tuliporudi

Jumatatu tulimsindikiza hospitali, kopo likiwa mkononi, kwa sababu daktari anahitaji kuona ulichopaka. Mkojo wake ulikuwa na protini kidogo. Aliacha krimu siku hiyo, na alipimwa tena na tena, yeye na mtoto. Baada ya miezi miwili mkojo ulikuwa safi, na mtoto anaendelea vizuri. Kwa madoa alipewa asidi ya azeleiki, ambayo daktari anaweza kumpa hata mama anayenyonyesha, pamoja na losheni ya kukinga jua. Aliichagua ile yenye rangi ya udongo, kwa kuwa rangi hiyo huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea madoa ya namna hii.

Nasi tulimfuata bibi wa msio. Genge lake la mboga tulilihamishia upande wenye kivuli cha mwembe, na mwenzetu mmoja akamshonea kofia pana ya kitenge. Liwa hakuiacha. Hupaka kidogo jioni mara moja kwa wiki, baada ya kuijaribu kwanza mkononi kwa siku mbili, na huiosha kabla ya kulala. Anasema humtuliza, na mumewe anaipenda harufu yake. Hiyo nayo ni kazi.

Mwezi wa kwanza hatukuona mabadiliko. Mwezi wa pili uso ulikuwa mbaya zaidi, naye alitaka kurudi kwa mchuuzi. Jioni nyingi tulipitia kwake kwa zamu ili asiwe peke yake. Mwezi wa tano, mashavu yalianza kufanana na paji la uso. Sasa umepita mwaka. Doa la juu ya mdomo lipo bado, jepesi, na huenda likabaki.

Mama mwenzetu, ukiwa na madoa, anza na kivuli. Acha kubinya chunusi na kusugua uso kwa nguvu. Usipake usichojua kilichomo, na usiwe na haraka. Lakini doa kwenye unyayo au chini ya ukucha linalokua, au doa lolote linalobadilika umbo au kutoa damu, usilipake chochote, nenda hospitali.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Unguja. Bahari ilichafuka kidogo, na wengine tulitapika kweli. Yeye alikaa juu pamoja nasi, kofia yake ya kitenge kichwani na mtoto magotini. Khanga aliifunga kiunoni.