Gari la Nairobi likishuka Mombasa

Kirinyaga Road, barabara ambayo wakazi wengi wa Nairobi bado huiita Grogan, hakuna kipuri cha gari kinachokosekana. Kijana anayetaka turbo kubwa, nozeli za kumwaga petroli zaidi au bomba pana la moshi atavipata kabla ya saa sita mchana. Kitu kimoja tu hakiuzwi hapo, nacho ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 80 hivi ya lile la Mombasa. Familia inayopanga kushuka pwani kwa gari lililoongezwa nguvu inafaa kulijua hilo mapema.

Gereji chache jijini zina mashine ya kupimia nguvu za gari, inayoitwa daino. Gari hufungwa mikanda, magurudumu yake yakazungusha rola, na kompyuta ikachora nguvu za farasi pamoja na kiasi cha hewa na petroli kinachoungua. Karatasi inayotoka hapo ndiyo vijana hutumiana kwenye simu. Huyu ana 280, yule ana 310, na ubishi huanza.

Mara nyingi ubishi huo hauna msingi. Kwa kuwa hewa ya Nairobi ni nyepesi, daino nyingi huongeza hesabu ya kufidia, kana kwamba gari limepimwa karibu na bahari. Kwa injini isiyo na turbo, hesabu hiyo hukaribia ukweli. Turbo, hata hivyo, husukuma hewa yenyewe na haipotezi nguvu nyingi hivyo mahali pa juu. Tuseme gari la turbo limetoa 250, mashine ikazidisha kwa 1.2: karatasi itaandika 300, na 50 kati ya hizo huenda nyingi ni za kalamu tu. Ulinganisho wa haki ni wa gari lile lile, kabla na baada ya kazi, kwenye mashine moja na kwa hesabu moja.

Tena, namba kubwa si lazima iwe kazi nzuri. Petroli huungua sawasawa kwa gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Injini ya turbo ikikanyagwa hadi mwisho huongezewa petroli, hadi gramu 11 au 12 za hewa kwa gramu 1, ili joto ndani yake lipungue. Fundi akibana petroli hiyo, namba hupanda kidogo na mteja hufurahi. Kinachobanwa ni kinga ya injini. Isitoshe, mengi ya magari haya yaliundwa Japani kwa petroli ya oktani ya juu kuliko ile ya kawaida katika vituo vya Kenya. Injini ikianza kugonga kwa joto, pistoni huweza kuvunjika kwa muda mfupi sana.

Sasa gari lishike barabara ya Mombasa, kilomita zipatazo 480. Likifika Makindu, penye hekalu la Masingasinga linalowapa wasafiri chakula bure, limeshuka hadi karibu mita 1,000. Voi ni karibu mita 600. Kila linaposhuka, hewa huwa nzito zaidi na injini huvuta nyingi kuliko ilivyozoea. Gari lisiloguguswa hujirekebisha lenyewe. Lililobadilishwa hutegemea vipimo alivyoviandika fundi, na kwenye daino ya Nairobi huenda injini haikuwahi kupata hewa nyingi kiasi hicho. Dereva hugundua kasoro anapokanyaga mafuta kulipita lori, jua kali, watoto wakiwa nyuma. Hapo si mahali pa injini kufa.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Petroli ikizidi, moshi hubeba kaboni monoksidi nyingi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Hatari huongezeka pale kifaa cha kusafisha moshi kinapong'olewa ili gari lipumue vizuri. Bomba likivuja chini ya sakafu, sumu huweza kuingia ndani. Mtoto hulalamika kichwa, husikia kizunguzungu au hutapika, na wazazi hudhani ni safari tu. Abiria zaidi ya mmoja wakipata dalili hizo pamoja, simamisha gari, zima injini, wote washuke wapate hewa safi, kisha waonwe hospitalini.

Kabla ya safari, mzazi amwombe fundi karatasi mbili za daino, ya kabla na ya baada, na amwonyeshe mstari wa petroli, si wa nguvu pekee. Aulize kama vipimo vimeachiwa nafasi kwa ajili ya pwani, na kama bomba la moshi limekaguliwa lisivuje. Fundi anayeijua kazi yake atajibu bila kukasirika. Akikosa jibu, gari libaki nyumbani, familia ipande treni.