Madaftari Kwanza, Moduli Baadaye

Nilipoanza kufundisha Mtwara, mafunzo kazini yalikuja kwa barua. Mwalimu mmoja aliteuliwa, akaenda semina, akarudi na kitini, kisha Mwalimu Mkuu akampa nafasi baada ya vipindi atueleze alichopata. Mwalimu huyo naye alikuwa amefundishwa na mkufunzi aliyefundishwa na wakufunzi wengine, na kila ngazi ilipunguza kitu. Sisi wa mwisho tulipata vichwa vya mada. Hakuna aliyetuuliza watoto wetu wanakwama wapi.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulijengwa upya juu ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka uliofuata mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani, ulianza katika mikoa ya Mtwara, Iringa, Morogoro na Ruvuma, pamoja na Zanzibar. Baadaye ukaja MEWAKA, mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao uliwataka walimu wa shule moja wakae pamoja katika jumuiya ya ujifunzaji, shuleni kwao, wakiongozwa na mmoja wao. Katika shule yetu ya Chuno wenzangu walinichagua mimi kuwa mwezeshaji.

Moduli za mpango huo zilikuwepo, nami nilizisoma kwa heshima. Lakini aliyeandika moduli hajakutana na mtoto wa Chuno. Kwa hiyo maandalizi yangu yalianzia kwenye madaftari. Siku kadhaa kabla ya kikao niliyaomba kwa wenzangu, nikayapanga mezani na kutafuta kosa linalojirudia. Kisha niliwaita watoto wachache, mmoja mmoja, wanisomee kwa sauti, nikaandika walichotamka kama walivyokitamka.

Kosa lililonifunza zaidi lilihusu herufi l na r. Watoto wetu wengi nyumbani husikia Kimakonde, ambacho hakitenganishi sauti hizo mbili. Katika imla, “rangi” iliandikwa “langi” na “barua” ikawa “balua”. Mwingine, kwa kujitahidi kukwepa kosa, aliandika “karamu” alipotajiwa “kalamu”. Alama nyekundu haimsaidii yeyote kati yao, kwa sababu sikio halijawaonyesha tofauti ya sauti hizo. Sikio lao ndilo linalohitaji mazoezi kwanza.

Siku ya kikao nilibandika ukutani karatasi ya manila yenye maneno hayo kama watoto walivyoyaandika, nikauliza swali moja: mtoto huyu tayari anajua nini? Mazungumzo yakachangamka. Mwalimu wa Darasa la Kwanza akatuonyesha zoezi lake: anatamka “kalamu” au “karamu”, na watoto wanainua picha inayolingana na neno walilosikia. Tuliliigiza, tukasahihishana, tukakubaliana kila mmoja akalijaribu darasani kwake. Kikao kilichofuata kilianza na taarifa za majaribio hayo: wapi zoezi lilifaa, wapi lilikwama, na wapi picha hazikuonekana kwa walioketi nyuma katika darasa lililojaa.

Kazi nyingine za maandalizi ni za kawaida, nazo hazikwepeki. Ni lazima uzungumze na Mwalimu Mkuu mapema ili kikao kisigongane na mitihani. Ni lazima manila na kalamu rashasha ziwepo, na kwa somo la Hisabati vijiti viwe vimeshafungwa kumi kumi kabla walimu hawajaingia. Mwalimu aliyefundisha tangu asubuhi amechoka. Saa anayokupa usiimalize kwa kutafuta gundi.

Matunda ya vikao hivyo niliyaona Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza kwa Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu. Tulifungua mihtasari, tukagawana mada, kila mmoja akaeleza ipi itawawia vigumu watoto wake na kwa nini. Semina ya juu bado tuliihitaji, ila tayari tulikuwa na maswali ya kwenda nayo.

Kwa mwalimu kijana anayeandaa kikao chake cha kwanza, nasema: anza na daftari la mtoto anayekwama. Ukiisha kulielewa, fungua moduli. Utajua ukurasa upi unakuhusu. Wenzako nao watakuja kikaoni kwa sababu wanajua watatoka na kitu cha kufundishia kesho yake.