Picha Safi

Kwa miezi minne mguu wangu wa kulia uliuma bila ushahidi. Sikuanguka, sikuteguka. Asubuhi moja niliamka, nikakanyaga sakafu, nikarudi kuketi kitandani. Eksirei ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili, safi. "Dada, mfupa wako hauna tatizo," daktari aliniambia kwa furaha, nami nikatoka nikichechemea, nikiona aibu kama mtu aliyekamatwa akidanganya.

Nyumbani mama alianza kunitazama kwa jicho la pembeni. Shuleni ninakofundisha, mwenzangu alitania kwamba mguu wangu huuma wiki za zamu tu. Nilicheka naye. Usiku nilijiuliza kama hasemi kweli.

Daktari wa tatu alikibonyeza kifundo kimyakimya, kisha akaandika MRI. Alinieleza kwamba eksirei huonyesha ule ugumu wa mfupa. Maji yakijaa ndani ya uboho, yanaweza yasionekane kabisa. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, ikisoma hidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Mafuta yakizimwa kwenye picha, maji hubaki yanawaka.

Waliniuliza kama nina chuma mwilini. Nilivua hereni, nikaacha simu, nikalala. Mashine iligonga kama mafundi bati walioshindwa kuelewana. Sikuomba kupona. Niliomba waone kitu.

Waliona. Ndani ya talasi, mfupa unaopokea uzito wa mwili kwenye kifundo, palikuwa na wingu jeupe. Hapakuwa na ufa, wala saratani, wala dalili ya maambukizi.

"Sababu ni nini, daktari?"

"Hatujaipata. Mara nyingi uvimbe huu huisha wenyewe, ila huchukua miezi." Akaniandikia magongo.

Jioni nilimwonyesha mama picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ulikuwa unaumwa kweli, mwanangu."

Nilitaka kukasirika. Kisha nikayakumbuka magoti yake, miaka yote anayoyalalamikia, nami namjibu kwamba ni uzee. Mimi sikuwa nimesubiri hata eksirei.

Nikaegemeza magongo ukutani, nikaketi karibu naye, nikamwuliza yanamuuma wapi hasa.