Dume wa Kengeja

Nilipokuwa nasoma Unguja, mwenzangu wa darasani, Mpemba, alinialika kwao Kengeja kutazama mchezo wa ng'ombe. Wenyewe husema uliletwa na Wareno. Nilivuka bahari roho juu, manake picha niliyokuwa nayo kichwani ni ile ya Uhispania: upanga na damu mchangani.

Wapi! Dume alifungwa kamba ndefu, zumari ikalia, vijana wakawa wampungia vitambaa na kumkwepa. Alipogeukia upande wetu, wa kwanza kupanda mwembe nilikuwa mimi. Bibi mmoja akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, kwani kwenu Mombasa hamna ng'ombe?"

Sitadanganya kwamba dume naye alifurahia. Macho yalimtoka, ubavu ukimpanda na kushuka. Lakini jioni mwenyewe alimshika kamba, wakarudi zao nyumbani, wote wawili wazima.

Kama kweli mchezo ni wa Mreno, basi Wapemba waliupokea, wakautoa upanga, wakautia zumari. Ukawa wao.

Sisi wa Mji wa Kale Mreno alituachia Fort Jesus, aliyoanza kuijenga 1593. Waomani waliiteka 1698, Waingereza wakaifanya jela, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya UNESCO. Tumeitunza, sawa. Ila mtoto aliyezaliwa nyuma ya ukuta wake, akitaka kuingia, bado hukata tikiti.