Sindano Ndani ya Jiko



Katika Surat al-Waqi'a Mola wetu anatuuliza iwapo tumeutazama moto tunaouwasha. Aya hiyo tumeisomesha miaka mingi, lakini moto wa jiko letu wenyewe hatukuutazama hata ulipotudhuru.

Mwanzo wa Ramadhani moto wa jiko la gesi ulififia. Kwa kujiona wajuzi, tulilifungua jiko, tukakitoa kile kipande cha shaba chenye kitundu cha kupitishia gesi, yaani nozeli, tukakichokoa kwa sindano ya cherehani. Moto ukapanda, nasi tukajisifu. Siku chache baadaye sufuria zikaanza kushika masizi, na ndimi za moto zilizokuwa za buluu zikawa za manjano, ndefu na legevu. Usiku mmoja wa mvua, madirisha yote yamefungwa, ahali yetu alikuwa akiandaa daku. Kichwa kikamgonga na moyo ukamchafuka. Alipotoka barazani alipata nafuu. Aliporudi jikoni, maradhi yakarudi. Tukasema ni uchovu wa funga.

Asubuhi tulimwita fundi, kijana aliyepata kusoma chuoni kwetu. Aliutazama moto, akachomoa nozeli, akaielekeza kwenye mwanga.

"Maalim, nani ametia sindano humu?"

Ilitubidi tukiri. Akatufundisha, nasi tukawa wanafunzi wake. Gesi ichomozapo kwa kasi katika kitundu chembamba huivuta hewa ya pembeni, na viwili hivyo huchanganyika bombani kabla ya kufika kwenye kichwa cha jiko. Ujazo mmoja wa gesi ya mtungi huhitaji hewa takriban mara 24 hadi 31 ili uungue sawasawa. Robert Bunsen na fundi wake Peter Desaga walitumia kanuni hiyohiyo huko Heidelberg mwaka 1855, walipounda kichomeo chenye matundu ya hewa chini. Nasi, kwa kukipanua kitundu, tuliongeza gesi bila hewa ya kuitosha. Gesi isiyoungua sawasawa huacha masizi, na hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Hiyo ndiyo iliyomshika ahali yetu, nasi tukaisingizia funga.

Tulimuuliza kwa nini moto wa majiko mengine huruka na kuzimika. Alisema kwamba moto una mwendo wake wa kuurudia mchanganyiko, na mchanganyiko una mwendo wake wa kutoka. Mchanganyiko ukitoka polepole mno, moto hurudi ndani ya bomba. Ukitoka kwa kasi mno, moto huinuka juu ya matundu na huweza kuzimika, gesi ikaendelea kumwagika. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, mahali wachezapo wajukuu.

Kisha akakigeuza kile kichwa cha jiko. Nusu ya matundu yake yalikuwa yamezibwa na uji uliofurika na kukaukia humo. Nozeli haikuwa na kosa tangu awali. Maji ya moto, sabuni na brashi vingetosha.

Alitia nozeli mpya ya kipimo kilekile, moto ukarejea buluu. Ile ya zamani ahali yetu ameiweka kabatini, na sindano zake za cherehani sasa amezihamishia mahali asipotuambia.